Dripu ya Nne

Baada ya dripu ya tatu, Asmahani alianza kunuka manyoya ya kuku yaliyobabuliwa. Mumewe Mansuri, fundi cherehani wa Kibondo mjini, alidhani ni jikoni. Akachungulia, jiko limepoa tangu asubuhi.

Figo za Asmahani zilikuwa zimevimba, mwaka wa pili huo. Dawa za kawaida zilishindwa, ndipo daktari Winnie akamwandikisha kwenye dawa ya majaribio, dripu moja kila wiki mbili, katika kliniki moja huko Kasulu. Na dawa ilikuwa inafanya kazi: uso umenywea, mkojo umeacha povu. Ila mchana huo, Mansuri alipokuwa akimkanda kiuno, alisikia kitu kikiparua ndani kwa ndani, kama panya ndani ya gunia la mahindi.

"Baba Saady, umesikia?" Asmahani alinong'ona. "Kinaongea. Kinasema tunakichomea nyumba."

Wakaenda Titye kwa mganga Ntirampeba, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi. Akamgusa Asmahani kiunoni, akauondoa mkono upesi. Kiganja kilikuwa kimetoka malengelenge.

"Ni jini. Amejenga kwenye figo," alisema. "Hiyo dawa ya hospitali inamuunguza. Mkiiacha, atazila zote mbili. Mkiendelea atatoka, lakini hatatoka kwa heri."

Mansuri akamtazama mkewe.

"Tuendelee," Asmahani alisema.

Siku ya dripu ya nne Ntirampeba alikuja nao, akaketi kando ya kitanda kama shangazi wa mgonjwa, akinuiza chini chini. Dawa ilipofika nusu, Asmahani alifumbua macho, yamejaa damu, akanguruma kwa sauti ya kiume: "Tokeni kwangu!" Akamkamata daktari Winnie kwa mkono mmoja, akamtupa ukutani. Mfupa wa bega ukalia kama kuni kavu.

"Mshike!" Ntirampeba alimfokea Mansuri. "Mpira wa dripu usichomoke!"

Mansuri akamlalia mkewe kwa uzito wake wote, na kile kiumbe kikamrarua shati na ngozi iliyokuwa chini ya shati, kikampiga kichwa hadi pua ikapasuka, kikamtukania mama yake marehemu, naye akawa analia huku ameshika, anaomba huku ameshika, mpaka meno yalipofunga kwenye vidole vyake viwili vya mkono wa kulia, vile vya kushikia mkasi, yakasaga, yakakata, na tone la mwisho la dawa likaingia mshipani, na upepo wa moto ukapasua vioo vya dirisha ukienda zake.

Figo zilipona. Bega la daktari nalo likaunga. Kule Kibondo, Asmahani akawa ndiye anayekata vitambaa na Mansuri anashona.

"Afadhali hukumbuki chochote, mama Saady," Mansuri alisema siku moja.

Asmahani akaweka mkasi chini.

"Nakumbuka yote. Alitaka koo lako. Nilivutana naye nikashindwa, nikaona bora nimpe vidole."