Mwito wa Tatu

Saa kumi na mbili kasorobo jioni Valary alifunga leso kiunoni akamwambia shangazi yake kwamba anakwenda dukani kununua sukari ya uji. Sukari ilikuwapo, nusu kopo, na Shangazi Teresia alijua ipo. Lakini safari kama ile haitajwi kwa jina lake. Alimtazama tu, kisha akarudi kukaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha Reuben.

Siku ya nne hiyo. Reuben, mdogo wake Valary, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amelala chali, macho wazi, hasemi. Maji alinyweshwa kwa kijiko. Vidole gumba tu ndivyo vilivyokuwa hai, vikicheza juu ya shuka, kushoto, kulia, kana kwamba ameshika simu. Zahanati walimpima malaria wakaikosa. Pasta alikuja akaomba, akatoka akijifuta jasho, na tangu hapo hakupita tena karibu na nyumba ile. Kesho walipanga kumpeleka hospitali Hola. Valary hakuwa na imani na safari hiyo, kwa sababu ugonjwa huu alijua umetoka wapi. Umetoka kwake.

Valary alikuwa msomi, tena wa shahada ya pili, na utafiti wake ulihusu michezo ya simu: wachezaji wanahisi nini wakicheza, na urafiki unajengekaje kati ya watu wanaosikiana bila kuonana. Wenzake walitafuta wachezaji Nairobi na Mombasa. Yeye akaja kwao, kijiji cha Wema, akijiona mjanja, maana hapa vijana walicheza kila jioni mchezo wa vita wa timu ya watu wanne na hakuna mtafiti aliyewahi kuwauliza lolote.

Reuben alichezea juu ya tuta la kuzuia mafuriko, hatua chache kutoka ukingo wa mto, kwa kuwa hapo ndipo mtandao unaposhika. Fahad alichezea Garsen, kwenye kibanda chake cha kuchaji simu. Godhana alikuwa Tarasaa. Wa nne aliletwa na mchezo wenyewe kujaza nafasi. Hakuwa na jina, ila nukta mbili tu. Hakusema hata siku moja. Ukiongeza sauti, upande wake yalisikika maji.

Maji yanayotembea.

Kipimo cha Valary kilikuwa rahisi: mchezaji akiitwa na mwenzake, anachukua sekunde ngapi kuitika? Anayeitika upesi ndiye aliye karibu zaidi na wenzake moyoni. Na kwa kuwa majina ya mchezo yalimchanganya alipokuwa akiandika, aliwaagiza waitane majina ya nyumbani.

Fahad alisitasita kwenye simu siku ile. "Sista, si tutumie tu hizi za game? Jioni hivi, na Reuben ako hapo mtoni..."

"Fahad, ni majina tu. Na ukiitwa, itika papo hapo."

Alicheka aliposema hivyo. Ndicho kilichomuuma sasa, kile kicheko. Maana yeye mwenyewe alilelewa kwenye kijiji hiki na alifundishwa kama watoto wote: ukiitwa magharibi karibu na mto na humwoni anayekuita, nyamaza. Ngoja. Binadamu ataita mara ya tatu. Kile kingine kina pumzi ya miito miwili tu. Alilijua jambo hilo kabla hajajua kusoma, kisha akaenda shule, akaliacha huko nyuma pamoja na kuogopa giza.

Jioni ya nne ya kurekodi, Valary akiwa kando ya Reuben tutani, sauti moja iliita kwenye spika, "Reuben."

Haikuwa ya Fahad. Haikuwa ya Godhana.

"Reuben."

"Niko," akaitika Reuben.

Nusu sekunde. Valary aliandika kwenye daftari lake kwamba ni alama bora ya wiki nzima. Alipoinua uso, simu ilikuwa imemdondoka Reuben mikononi, na vidole bado vinacheza.

*

Asubuhi ya siku hii ya nne Fahad alikuja Wema. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama chini ya ukuta wa jikoni, akampa Valary simu yake.

"Reuben ako hewani," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu ile siku. Ako na yule wa nukta mbili, wawili tu, wamesimama."

"Simu yake nimeizima. Iko kwenye begi langu."

"Najua, sista. Ndio maana nimekuja." Alimeza mate. "Na mimi niliitwa siku ile. Mara mbili. Nilikuwa na mteja, sikuitika. Kwa daftari yako nilipata alama mbaya, si ndio? Hiyo ndio imeniokoa."

Valary alitamani ardhi ipasuke.

Fahad alipoondoka, Shangazi Teresia, aliyekuwa amesikia yote akichochea moto, alisema bila kugeuka. "Aliyechukuliwa hivyo anaweza kurudi. Lakini usimwite wewe. Mwache akuite yeye. Akifika mara ya tatu, mwitikie kwa nguvu zako zote, umwambie njoo nyumbani. Ukiitika kabla ya hapo, nitakuwa na vitanda viwili."

"Na asipofika ya tatu?"

"Basi si yeye."

*

Jioni hiyo tuta lilikuwa tupu. Ng'ambo ya mto migomba ilikuwa imeanza kuungana na giza, na mbu walimjia Valary usoni. Hewa ilinuka tope bichi. Alikaa palepale alipokuwa akikaa Reuben. Simu yake ndogo ilikuwa mfukoni. Kinasa sauti cha utafiti alikiwasha akakitia kwenye mkoba, kwa mazoea tu. Kisha akaufungua mchezo kwenye simu ya Fahad.

Chumba cha kungojea kikafunguka. Askari wawili walikuwa wamesimama wakimpa mgongo. Juu ya mmoja, jina la mdogo wake. Juu ya mwingine, nukta mbili.

Maji yakasikika kwenye spika. Na mto mbele yake ulikuwa kimya kabisa.

Alingoja. Alitaka kumwita, akakumbuka, akauma upindo wa leso. Mungu wangu, alisema moyoni, nirudishie huyu mtoto, hizo karatasi za utafiti nitazichoma, rekodi nitazifuta zote, shahada sitaki, sitaki chochote. Alisema hivyo mara nyingi hadi maneno yakapoteza maana.

Halafu...

"Dada."

Ilikuwa sauti ya Reuben. Ileile, yenye mkwaruzo kidogo, sauti aliyokuwa akimwitia tangu utotoni akitaka kufunguliwa mlango. Ulimi wa Valary ulishainuka. Aliuma leso mpaka fizi zikamuuma.

Kitu kilitumbukia majini, taratibu.

"Dada."

Wa pili.

Sasa machozi yalikuwa yakimtiririka waziwazi. Bado mmoja, Reuben. Mmoja tu, jikaze. Alihesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Kwenye kioo, yule askari mwenye jina la mdogo wake alianza kugeuza shingo, polepole, kwa shida, kama mtu aliyeshikwa.

Thelathini...

Simu ya mfukoni ikalia.

Valary nusura apige kelele. Shangazi. Hakutaka kupokea, lakini vipi kama Reuben amekata roho? Alipokea.

"Valary, rudi." Shangazi Teresia alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Ameamka. Ameketi. Anakuulizia wewe."

"Ameamka?"

"Anakula, mwanangu. Njoo mbio."

Valary aliangua kilio cha furaha pale pale tutani. "Asante, asante," alisema, hajui anamwambia nani. Alisukumia vitu vyote ndani ya mkoba akakimbia, ndala moja ikabaki kwenye matope.

*

Reuben alikuwa ameketi kitandani, bakuli la uji mapajani. Alimtazama dada yake akatabasamu. Valary alimkumbatia akalia begani kwake, na Reuben akampigapiga mgongo kwa upole. Mwili ulikuwa baridi kidogo. Nywele zake zilinuka tope bichi, japokuwa siku nne hakutoka kitandani. Homa, alijiambia. Jasho la homa. Mtu aliyerudishiwa ndugu yake hachagui harufu.

Alipovuka pazia kwenda chumba chake, jambo la kwanza lilikuwa kufuta rekodi zote kama alivyoahidi. Alitoa kinasa sauti. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Hakuwa amekizima. Angezifuta bila kusikiliza, mambo yangeishia hapo, lakini utafiti ukishaingia mtu mwilini hautoki kwa siku moja. Alirudisha nyuma, akakiweka sikioni.

Maji.

"Dada."

Maji.

"Dada."

Kisha mlio wa simu. Kisha sauti yake mwenyewe: Ameamka? Kisha kilio chake, asante, asante. Na chini ya kilio hicho, kutoka kwenye spika ya simu ya Fahad aliyokuwa ameisahau mkononi, sauti ilikuja kwa mbali, imechoka, imekwaruzika, ya mtu aliyetumia kila kitu alichokuwa nacho.

"Dada... ni mimi."

Wa tatu.

Baada ya hapo, nyayo za mtu anayekimbia.

Valary aliitoa simu ya Fahad kwenye mkoba. Mchezo ulikuwa bado wazi. Askari mwenye jina la Reuben alikuwa amekwishageuka kabisa, uso mbele, akimtazama. Alikuwa peke yake. Nukta mbili hakuwapo tena pale.

"Reuben!" aliita. "Reuben, niko! Njoo nyumbani!"

Spika haikujibu. Hata maji hayakusikika. Askari alififia kuanzia miguuni, kisha jina likazimika.

Upande wa pili wa pazia, kijiko kiliacha kugonga bakuli.

"Dada."

Valary aliishusha simu.

"Dada."

Kitanda kililia kidogo, kama mtu anayekaa vizuri ili angoje.

"Mwitikie mdogo wako, Valary," alisema Shangazi Teresia, sauti imejaa furaha. "Mbona unamnyamazia?"

Valary aliketi sakafuni, akaziba mdomo kwa mikono miwili, akangoja mwito wa tatu.