Seline na Nguzo ya Stima

Kila jioni watu wa mtaa wa Sarang'ombe, Nairobi, hurudi kutoka kazini na njaa, na pua zao huwapeleka moja kwa moja kwa Seline. Seline hukaanga samaki kando ya njia. Huuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Huuza pia mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki na nyama kidogo baada ya minofu kutolewa. Karai lake ni kubwa na mdomo wake ni mwepesi. Mteja akilalamika kwamba samaki ni mdogo, humwambia arudi kesho, labda atakuwa amekua.

Lakini kwa miezi mitatu Seline alikuwa amepunguza maneno. Alijifunga leso shingoni hadi kidevuni, hata jua likiwaka. Chini ya taya lake, upande wa kulia, kulikuwa na uvimbe.

Uvimbe wenyewe ulikuwa na tabia ya ajabu. Asubuhi haukuwepo. Samaki wakianza kunukia, au Seline akikamua ndimu, taya lilikazika na kuuma. Mara uvimbe ukatokea, mkubwa kama yai la kuku. Baada ya saa moja au mbili ulishuka wenyewe.

Alimwonyesha jirani yake, Mama Kageha, ambaye kwao ni Vihiga. Kageha aliangalia mara moja tu akasema hayo ni matumbwitumbwi, na dawa yake anaijua. Kwao, mtoto akivimba hivyo hubebeshwa kuni kichwani. Huuzunguka mti wa murembe mbio, huzitupa kuni pale, kisha hurudi nyumbani bila kuangalia nyuma. Ugonjwa hubaki pale pale mtini. Sasa murembe utaupata wapi Sarang'ombe? Kageha alifikiri kidogo, akachagua nguzo ya stima, ile ya nyaya za umeme, iliyo nyuma ya kanisa. Alisema hata hiyo nguzo zamani ilikuwa mti.

Basi mchana mmoja, baada ya chakula, Seline akakimbia kuizunguka nguzo ya stima, mama mzima wa watoto watatu, na vijiti kichwani. Wapita njia walisimama kutazama. Alipofika nyumbani, uvimbe ulikuwa umeshuka. Kageha alifurahi mpaka akaimba.

Kesho yake samaki walinukia, na uvimbe ukarudi. Seline naye akarudi kwenye nguzo. Alienda mara nne. Kila mara uvimbe ulishuka, kwa sababu ungeshuka tu hata kama angekaa kwenye kiti chake. Hilo hakulijua.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Kageha, wala mume wake. Baba yake Seline alikufa na uvimbe wa taya. Ulianza mdogo hivyo hivyo. Mzee alikaa nao nyumbani mwaka mzima akipaka dawa za miti. Alipokubali kupelekwa hospitali, madaktari walisema ugonjwa umeenea. Seline aliamini kifo cha baba kimemfuata Nairobi, na aliogopa sana. Aliona afadhali asijue.

Akaacha kula na watu wake. Alisema ameshiba moshi wa karai. Mume wake, Ogola, ni fundi wa mbao kule mtaa wa Olympic, na si mtu wa maneno mengi. Kila jioni alimwekea mkewe chakula na kukifunika kwa sahani nyingine. Asubuhi alikikuta kimefunikwa vile vile. Jioni aliweka kingine.

Halafu siku moja uvimbe haukushuka. Kufika kesho yake, Seline alikuwa na homa. Chini ya ulimi kulitoka maji ya chumvi chumvi yenye harufu mbaya. Kageha alianza kutafuta kuni. Ogola alienda kumwita Nyawira.

Nyawira ni mhudumu wa afya ya jamii. Huzunguka nyumba kwa nyumba na begi lake la mgongoni. Alipofika hakugusa uvimbe kwanza. Aliuliza kama Seline anapumua vizuri, kama anaweza kumeza mate, na kama mdomo unafunguka. Alieleza kwamba mtu mwenye uvimbe wa taya akishindwa na hayo, hangoji hata dakika, anakimbizwa hospitali kubwa. Seline aliweza yote, ingawa kwa maumivu.

"Mama Isaac, huu uvimbe huja saa ngapi?" Nyawira aliuliza, akimwita Seline kwa jina la mwanawe mkubwa.

"Nikikaribia chakula. Hata kabla sijala."

"Na umekuwa ukija na kuondoka kwa muda gani?"

"Miezi mitatu."

Nyawira alimgeukia Kageha kwa heshima. Alimwambia matumbwitumbwi humshika mtu kwa wiki moja hivi, kisha huisha. Hayaji saa ya kula na kuondoka sahani zikioshwa. Kageha aliweka kuni chini.

Hapo Seline akashindwa kujizuia. "Ni kansa," alisema. "Baba alikuwa nayo. Najua tu."

Ogola alikuwa akisikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. Alikaa chini.

"Inaweza kuwa, na inaweza isiwe," Nyawira alisema. "Mimi siwezi kujua kwa macho, na wewe huwezi kujua kwa kuogopa. Twende ikapimwe."

Walienda siku hiyo hiyo mtaa wa Kawangware, kwenye kliniki ya meno na mdomo iliyo sehemu ya Kabiro. Daktari aliitwa Wagaki, mama mfupi mwenye mikono midogo. Alivaa glavu. Aliweka kidole kimoja chini ya ulimi wa Seline, na mkono mwingine chini ya taya, akapapasa polepole kutoka nyuma kuja mbele. Mahali fulani kidole kilisimama. Aliangalia pia mashavu, ufizi, ulimi wote na shingo. Kisha akauliza Seline hunywa maji kiasi gani kwa siku.

Seline aliona aibu. Alisema hunywa kikombe kimoja asubuhi. Choo kiko mbali, na mtu hawezi kuacha mafuta motoni akaenda kupanga foleni.

Picha ya eksirei ilipotoka, Daktari Wagaki alimwonyesha alama nyeupe.

"Hili ni jiwe," alisema.

"Jiwe? Ndani ya mdomo?"

"Ndani ya njia ya mate. Hapa chini ya taya kuna tezi inayotengeneza mate. Mate hupita kwa mfereji mwembamba mpaka chini ya ulimi. Ukisikia harufu ya chakula, mate huja kwa wingi. Mfereji wako umezibwa na jiwe, kwa hivyo mate yanakosa njia na tezi inavimba. Baadaye yanapenya kidogo kidogo, uvimbe unashuka. Sasa viini vya ugonjwa vimeingia, ndiyo maana una homa."

Seline aliuliza: "Na kansa?"

"Nimetafuta dalili zake mdomo mzima na shingoni, sijaona. Tukishatoa jiwe nitakuangalia tena, tuwe na uhakika. Lakini nisikilize. Uvimbe wowote wa mdomo au taya, au kidonda cha mdomo, kikipita wiki mbili usikae nacho. Hata ule mbaya, ukiletwa mapema, hutibika vizuri zaidi."

Seline alilia. Alilia kwa ajili yake, na kwa ajili ya mzee wake aliyekaa mwaka mzima. Ogola alimshika mkono na kusema asante kwa daktari mara tatu, na hayo kwake yalikuwa maneno mengi.

Seline alipewa dawa ya kuua viini, akaambiwa aimalize yote hata akijisikia nafuu, na anywe maji mengi. Homa ilipoisha alirudi Kabiro. Daktari alimchoma sindano ya ganzi chini ya ulimi na kukata kidogo tu. Seline alisikia kusukumwa, hakusikia maumivu. Jiwe likatoka, la manjano, kubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Wiki mbili baadaye alipimwa tena. Tezi ilikuwa imerudi hali yake, na hakukuwa na uvimbe mwingine.

Mama Kageha aliomba kuliona jiwe. Aliligeuza geuza kiganjani, akasema kweli, nguzo isingeliweza hili. Siku hizi mtoto wa jirani akivimba shavu, Kageha ndiye wa kwanza kumpigia Nyawira simu. Kuni zake anapikia maharagwe.

Chini ya meza ya samaki sasa kuna chupa kubwa ya maji. Seline akienda chooni, jirani anayeuza mboga za sukuma wiki humwangalizia karai.

Jioni ile ya kutoka kupimwa mara ya mwisho, Seline alikaanga samaki mmoja mzima na kwenda naye nyumbani. Alikamua ndimu juu yake. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye taya, ukangoja. Taya lilikuwa laini, na mdomo umejaa mate. Ogola alikuwa amepakua ugali, na kwa mazoea alikuwa ameshika sahani ya kufunikia.

"Usifunike," Seline alimwambia, akavuta kiti.