Sauti ya Mama na Programu ya Mizigo

Kila Jumamosi Daphine alimsaidia mama yake, Betty, kugawa mizigo ya basi linalotoka Kampala, kwenye kituo cha mabasi cha Sherikat. Mama aliita majina ya wenye mizigo kwa sauti mpaka koo likamkauka. Jumapili, kwenye kwaya, hakuweza kuimba. Jambo hilo lilimuuma sana Daphine, maana hakuna sauti aliyoipenda kama ya mama yake.

Kwa hiyo, baada ya kujifunza kompyuta kanisani, alitengeneza programu ya kuonyesha majina kwenye skrini ya kompyuta, dirishani mwa chumba cha mizigo. Nyumbani aliijaribu kwa vifurushi vichache, ikaenda vizuri. Lakini basi lilipofika limesheheni ndizi na magodoro, programu ikasuasua, na watu wakanung'unika juani.

"Daphine, watu iko nangoja!" mama alisema.

"Kompyuta hii imezeeka, mama."

"Basi, kalas, imetosha. Jumamosi ingine ikikuwa hivi, mimi narudi kuita na mdomo."

Daphine akampelekea Madam Juliet, mwalimu wake wa kompyuta, mashine hiyo.

"Umepima inachelewa wapi?" Juliet aliuliza.

"Hapana, Madam. Niliona tu ni ya zamani."

"Maskini mashine, imesingiziwa!" Juliet akacheka.

Walipochunguza, waliona kwamba mizigo ilikuwa katika faili moja na majina katika jingine. Kwa kila mzigo, programu ilifungua faili la majina na kulisoma upya tangu mwanzo.

"Mama akikutuma sokoni ulete vitunguu, urudi, kisha uende tena kuleta chumvi, mtakula saa ngapi?"

Daphine akacheka kwa aibu. Wakaweka taarifa zote katika hifadhidata, yaani ghala moja la taarifa ndani ya kompyuta, naye akaandika ombi moja la kuiagiza iunganishe mizigo na majina kwa namba za simu zilizokuwa katika faili zote mbili.

"Sasa itakimbia!"

"Usiseme. Pima."

Akapima njia zote mbili. Kwa mzigo mmoja hakuona tofauti. Kwa mizigo ya basi zima, ile ya zamani ilikokota miguu, na mpya ikajibu papo hapo.

"Ndiyo maana nyumbani sikugundua," alisema.

Jumamosi iliyofuata majina yote yalitokea dirishani kwa pamoja. Mama hakuita hata moja.

"Kompyuta ni ile ile?"

"Ile ile, mama. Kosa lilikuwa langu, niliilaumu bila kupima."

Mama akamkumbatia. "Asante kwa kusema ukweli, mwanangu. Pima kwanza, ndiyo ulaumu. Na kesho kaa mbele kabisa kanisani. Mimi naimba."