Siku Chisenga Alipomkana André

Wachuuzi walikuwa wakisukumana gatini Nchelenge, kando ya ziwa, mwaka wa tisini na saba, kila mmoja akitaka kuwahi samaki kabla barafu haijayeyuka, ndipo msumari wa kreti ulipomchana André shati mgongoni. Lilikuwa shati la hariri, rangi ya papai lililoiva. Alikwenda nalo hivyo hivyo mpaka kwa Chisenga, fundi wa nguo, mlangoni mwa soko.

"Fundi, unishonee. Lakini polepole, hii shati njo bibi yangu."

"Basi bibi yako amechoka," Chisenga alimjibu. "Vua."

André alicheka. Alikuwa Mkongomani aliyekausha samaki wa chumvi kisiwani Kilwa, ng'ambo ya ziwa hilo. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi aliposhuka botini alikuwa na kifungo cha kushonwa, na vingine, Chisenga aliona, vilikatwa kwa wembe. Akashona. Wakapendana kwa siri, wanaume wawili, huku Jumapili Chisenga akiimba besi kwenye kwaya na kumwomba Mungu amgeuze, kama alivyomwomba tangu ana miaka kumi na miwili.

Maneno yakaenea. Alhamisi moja Patson, mzee wa kanisa, alifika kibandani na wenzake wawili. André alikuwa ameketi pale pale, anakula karanga. Patson aliuliza kwa Kiswahili, ili André naye asikie.

"Ba Chisenga, huyu mutu ni nani kwako?"

"Ni mutu wa samaki tu," Chisenga alisema. "Simujue hata kwao."

André alikung'uta maganda magotini, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Hakurudi.

Miezi minne Chisenga hakusogelea meza ya Bwana. Kila alipokanyaga cherehani aliuona ule mkono ukikung'uta maganda. Alikonda mpaka dada yake mkubwa, Mable, akamfuata kibandani.

"Yaya, mimi nimeoza," Chisenga alimwambia, akimwita dada kwa Kibemba chao. "Nilimkosea Mungu kwa kumpenda André, tena nikamkosea yeye."

Mable alivuta kigoda akaketi. Alikuwa akijua siku nyingi.

"Miaka kumi na tano unaomba ugeuzwe, na hujageuzwa. Pengine Mungu haoni cha kugeuza. Alikuumba mwenyewe, wala hakuwa amesinzia. Lakini kumkana mtu aliyeketi mbele yako, hiyo ni dhambi. Hiyo ndiyo ukaiombee msamaha."

Chisenga alivuka kwenda Kilwa. Alimkuta André kwenye vichanja, chumvi mpaka viwikoni.

"Umekuya kushona nini?"

"Nimekuya kuomba musamaha. Nilikukana. Kwa ile nimelia mbele ya Mungu. Kwa kukupenda siombe musamaha tena."

André aligeuza samaki watatu, wanne.

"Ulinifanya nijione kitu ya kutupa, Chisenga."

"Najua."

"Bado nakupenda. Lakini Nchelenge sirudie kujificha. Kama unanitaka, ukuye ukae huku."

Wiki iliyofuata Chisenga alipakia cherehani botini mchana kweupe, Patson akitazama. Mable ndiye aliyeshika upande wa pili.

André alimsamehe mapema kuliko yeye alivyojisamehe. Hata miaka ilipopita, wakiwa wanakula ugali, Chisenga alikuwa akisimamisha tonge na kuanza, "André, ile siku…"

"Kula, mupenzi," André alimjibu. "Bukari inapoa."