Kichina cha Yali

Kila asubuhi Yali alipita kwenye karakana ya wazazi wake kabla ya kwenda shule. Cherehani zilikuwa zimeshaanza kunguruma, na mama yake, bila kuinua macho kwenye kitambaa, alimsogezea bakuli la uji wa mchele. Yali alikunywa amesimama, akavuta mkoba, akatoka. Alizaliwa Prato, mji wa Italia, akasoma hapohapo Prato, na hata ndotoni aliota kwa Kitaliano.

Mwaka huo shule yao ilianza somo la Kichina. Siku ya kwanza Mwalimu Landi, mama wa Kitaliano aliyesomea lugha hiyo Napoli, alimtazama Yali akatabasamu.

"Wewe sitakuuliza maswali, nitakuwa ninawaonea wenzako. Wakikwama, wasaidie."

Darasa likacheka. Yali naye akacheka, na hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Nyumbani walizungumza lugha ya Wenzhou, mji wa China walikotoka wazazi wake, na anayeijua hiyo tu haelewi Kichina cha vitabuni. Herufi zile zilimchanganya kama zilivyowachanganya wenzake. Lakini angeanzia wapi kusema?

Jirani yake wa dawati, Ginevra Bacci, alikuwa mtoto mkimya. Kila jioni aliandika herufi zilezile mpaka vidole vikamuuma. Siku ya mtihani, Yali alichungulia karatasi ya Ginevra.

Juma lililofuata Mwalimu Landi alirudisha karatasi. Mbili alibaki nazo mkononi.

"Yali na Ginevra, tisa kwa kumi. Mmekosa jibu moja, na ni lilelile. Badala ya 'ninanunua mkate' mmeandika 'ninauza mkate'. Yali, najua ni haraka tu. Ginevra, wewe nieleze."

"Nilichanganya, Mwalimu. Herufi zinafanana, tofauti ni kile kikofia cha juu."

"Na hicho kikofia mmekiongeza pamoja?"

"Mimi sikuchungulia kwa mtu."

"Ukikaa na Mchina, tisa unaokota tu," alisema Duccio kutoka nyuma. Wengine wakaguna.

"Ginevra, una sifuri mpaka uniambie ukweli," alisema mwalimu. "Na kesho baba yako aje."

Ginevra aligeuka akamtazama Yali. Yali akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Wakati wa mapumziko Ginevra alimfuata uani, akaandika neno la Kichina kwenye kiganja chake mwenyewe.

"Nisomee hili."

"Niache nile, bwana."

"Neno moja tu, Yali."

"Sina wakati."

"Nilijua," alisema Ginevra, akaenda zake. Waliporudi darasani alihamia dawati jingine.

Tangu hapo Yali aliona kila aliyenong'ona anamnong'ona yeye. Jioni, kule karakanani, alimsikia mama yake akimsifu kwa jirani: binti yangu anamwaga Kichina kama maji. Jirani alipoondoka, Yali alishindwa kuvumilia.

"Mama, mimi Kichina sikijui. Nilimchungulia Ginevra, na sifuri kapewa yeye."

Mama aliondoa mguu kwenye kikanyagio. Cherehani ikanyamaza.

"Mbona hukuniambia? Mimi mwenyewe nilikikuta shuleni. Mwalimu alitoka mbali, akasema kutwa nzima, nikaambulia patupu. Nilifundishwa kama mgeni yeyote."

"Nifanye nini sasa?"

"Ukaseme. Tena mimi sikusemei."

Asubuhi Yali alisimama mbele ya darasa, akasema yote. Mwalimu Landi alimtazama kwa mashaka, akamuuliza swali jepesi la Kichina. Yali hakuelewa hata neno moja.

"Ginevra," alisema mwalimu, "nimekukosea. Tisa yako ni yako, na baba yako nitamwomba radhi mwenyewe. Yali, sifuri hii sasa ni yako, kwa sababu uliona mwenzako anaumia ukanyamaza. Lakini na mimi nina kosa. Nilimtazama Yali usoni nikadhani lugha imo. Nikamtazama Ginevra, nikadhani Mtaliano hawezi. Lugha haikai usoni wala haiji na damu, anayo aliyejifunza. Na asiyejua aseme sijui, hapo ndipo tutakapoweza kumfundisha."

Yali alimgeukia Ginevra. "Nisamehe."

"Ulijua tangu jana kwamba sina kosa," alisema Ginevra. "Ukaniacha."

"Ndiyo, nilijua."

Ginevra akainamia kitabu chake. Yali alikwenda kuketi dawati la mbele, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza. Mwalimu alimwambia asome salamu. Akasoma vibaya, wenzake wakacheka. Akarudia, ikawa vilevile.

"Sauti ishuke, halafu uipandishe," alisema mtu nyuma yake, taratibu. Alikuwa Ginevra, macho yake yangali kwenye kitabu.

Yali akarudia kwa mara ya tatu.