Fungu la Tatu

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote pale saluni. Nje manyunyu, ndani sakafu imepigwa deki, birika liko kwenye jiko la gesi linachemka taratibu. Redio ilikuwa imezimwa, maana palikuwa na kitu kitamu kuliko redio. Kitinda alikuwa anasoma.

Kitinda ni mdogo wake msusi, kitindamimba wa mama yao, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mama yao alipofariki, msusi ndiye aliyembeba, akamlisha, akamsomesha, akavumilia vituko vyake vyote. Kazi ya kusuka Kitinda haiwezi, tusidanganyane. Mistari yake inapinda kama njia ya ng'ombe. Lakini kusoma! Akishika kitabu, mteja aliyekuwa anasinzia chini ya drayer, mashine ya kukaushia nywele, anatoa kichwa nje ili asikie vizuri. Basi wakagawana kazi hivyo: dada anasuka, mdogo anaosha nywele na kusoma hadithi kwa sauti, na wateja wanasahau kwamba wamekaa pale tangu asubuhi.

Kitabu cha siku zile kilikuwa riwaya nene, jalada limechanika. Ilikuwa hadithi ya binti mmoja aliyempenda Bwana wa Ukungu, kiumbe asiye mtu wala jini, ambaye tayari alikuwa amewamaliza maharusi wake wote waliotangulia. Kwa kila mtu alikuwa mkatili. Kwa yule binti, mpole, sauti ya asali. Na jamani, saluni iligawanyika vipande viwili.

"Zuzu yule," Nesi alikuwa akisema. Nesi ni mteja wa siku nyingi, huja akitoka zamu, na mdomo wake hauna breki. "Wenzake wote wamekufa, yeye anasema 'kwangu atabadilika.' Hao ndio tunaowapokea wodini, macho yamevimba, na bado wanamwombea mume chakula."

"Hujapendwa wewe," Fundi alimjibu. Huyu ni fundi cherehani, chumba chake kimepakana na saluni, ila ukimtaka usimtafute kule. "Yule mtoto ana moyo. Wanawake wote wanakimbia, yeye anasimama. Anamwangalia yule bwana usoni na kumwambia, 'Sikuogopi.' Wewe umewahi kumwambia mtu hivyo?"

"Nimewahi kumwambia bosi wangu. Nikahamishwa."

Walicheka mpaka machozi. Na palikuwa na mazoea yao ambayo nadhani hakuna saluni nyingine iliyokuwa nayo. Kila hadithi ilipofika penye moto, Kitinda alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani, akauliza, "Haya, ungekuwa wewe?" Kila aliyekuwepo alilazimika kujibu kwa sauti, hata kama kichwa kimejaa povu. Ulikuwa mchezo tu.

Msusi alicheza, lakini hakuupenda. Na kitabu chenyewe alikichukia. Aliwahi kuolewa na mtu wa namna ile, simba kwa watu, mpole kwake, mpaka siku upole ulipomwishia. Siku hiyo alitoka na begi moja begani na Kitinda, mtoto bado, amemshika mkono. Hakuwahi kumsimulia mdogo wake yaliyotokea mle ndani. Alifikiri ukimya utamlinda. Sasa alikuwa anamtazama kwenye kioo, macho yanang'aa kila Bwana wa Ukungu anapofungua kinywa, na roho ilikuwa inamuuma.

Siku ile ya manyunyu wateja walikuwa wachache, kwa hiyo msusi alimkalisha mdogo wake kitini amsuke. Nesi alikuwa chini ya drayer. Fundi alikaa kwenye benchi na pindo la gauni la mtu. Kiti cha kona kilikuwa kitupu. Kiti hicho kilikuwa kikuukuu, cha ngozi nyekundu, na kila mtu alipokikalia kilitoa pumzi, fuuu, kama mzee aliyechoka. Wateja walikitania sana.

Msuko wa rasta, kwa asiyejua, ni mafungu matatu. Moja ni nywele zako mwenyewe, mawili ni rasta, yaani nywele za bandia. Unapishanisha mpaka mwisho, kisha ncha unaitumbukiza kwenye maji ya moto ili ishikamane isifumuke. Mikono ya msusi ilikuwa inafanya hivyo hata akiwa anawaza mengine. Alipofika kisogoni, msuko wa mwisho kabisa, Kitinda aliinama kukwepa mkono wake.

"Huo uache, dada."

"Niache nini?"

"Fungu moja lisisukwe. Kama binti wa kwenye kitabu. Yeye alimwachia Bwana wa Ukungu fungu moja, aje alisuke mwenyewe."

"Kichwa hakitoki hapa hakijaisha," msusi alisema. "Unanijua."

"Dada, nywele ni zangu."

"Na huyo bwana wa kwenye kitabu ni muuaji."

Kitinda akamgeukia. Hakupandisha sauti. "Wewe umekuwa mchungu, dada. Si kila mwanamume ni shemeji."

Nesi akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Msusi alihisi maneno yale yamemwingia mpaka kwenye mifupa. Angeweza kugomba, angeweza kueleza. Aliliachia lile fungu likaning'inia shingoni mwa mdogo wake, akaanza kuchambua rasta zilizobaki ili mikono iwe na kazi.

"Soma basi," Fundi akasema, apoze hali ya hewa. "Tulimwacha mlangoni."

Kitinda akasoma. Kwenye kitabu nako mvua ilikuwa inanyesha. Binti alikuwa nyumbani na dada zake, na Bwana wa Ukungu alikuwa amesimama kizingitini. Hakuweza kuvuka, maana sheria yake ilikuwa moja. Mpaka mmoja wa walio ndani aseme kwa kinywa chake, mwacheni aingie.

Kitabu kikafungwa, kidole ndani. "Haya. Ungekuwa wewe?"

"Nafunga mlango, nasukumia na kabati," Nesi akasema.

"Simfungulii," msusi akasema. "Hata akilia."

Fundi alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa, akacheka. "Waoga wakubwa nyie. Mwacheni aingie!"

Umeme ukakatika.

Haikuwa ajabu, mvua ikinyesha umeme hukatika. Drayer ikanyamaza. Mwanga ukabaki ule wa kijivu unaopita kwenye pazia la mlangoni. Nesi akasonya. Fundi akasema, "Mnaona sasa, mmemkasirisha," na akacheka tena, ila kicheko hakikufika mbali.

Pazia lilisogea. Lilivimba kuelekea ndani, polepole, kwa kimo cha mtu. Chini yake palikuwa wazi, na kwa kawaida uliona miguu ya anayekuja. Miguu haikuwepo.

Pazia likarudi mahali pake.

Baridi ikaingia.

Halafu kiti cha kona kikatoa pumzi. Fuuu.

Wote walikigeukia. Ngozi nyekundu ilikuwa imebonyea katikati. Hapakuwa na mtu.

"Fundi," Nesi akanong'ona, "useme umetania."

Fundi alijibana ukutani. Sindano ilikuwa imemdondoka.

Kitinda akaendelea kusoma. Sauti ilikuwa yake, tamu ile ile, lakini kitabu kilikuwa kimefungwa mapajani, na kidole hakikuwa ndani tena. "Nimekuja," alisoma, "kwa kile nilichoachiwa."

"Kitinda."

"Nimesubiri mlangoni muda mrefu."

"Kitinda, nyamaza!"

Ngozi ya kile kiti ikainuka, taratibu, ikajaa kama kawaida. Kilichokuwa kimekaa kilikuwa kimesimama.

Msusi alikuwa nyuma ya mdogo wake, macho kwenye kisogo. Alikuwa anataka kumshika mabega amtoe nje. Ndipo akaliona lile fungu. Lilikuwa linanyanyuka. Halikupeperushwa, hakukuwa na upepo. Lilishikwa, likanyooshwa, likaanza kugawanywa kwa ustadi, kama anavyogawanya mtu aliyefanya kazi hii maisha yake yote.

Akili ya msusi iligoma. Mikono haikugoma. Kichwa hakitoki hapa hakijaisha. Pakiti ya rasta ilikuwa imemdondoka na kutawanyika sakafuni, fungu moja tu lilikuwa limenasa vidoleni mwake. Akalipachika kisogoni. Akalinyakua lile la mdogo wake, akaanza kusuka.

Aligusa vidole.

Vilikuwa vya baridi, virefu, laini. Havikumsukuma. Vilikuwa vinafumua. Yeye anasuka kutoka juu, vyenyewe vinafumua kutoka chini, na kila alipoongeza kasi navyo viliongeza. Alihisi pumzi shavuni, yenye harufu ya nguo iliyofungiwa sandukuni miaka.

"Dada, niache," Kitinda akanong'ona. Hakuwa anasoma tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa anatabasamu. "Kwangu ni mpole."

"Hata kwangu alikuwa mpole," msusi akasema. "Siku aliyonivunja mbavu alikuwa ananiita mpenzi. Wewe ulikuwa chumba cha pili, umelala. Sikukwambia. Nakwambia leo."

Kitinda aliacha kutabasamu. Bega lake likashtuka.

Vidole vile vikasita.

Ilitosha. Msusi alisuka kama hajawahi kusuka, fungu juu ya fungu, mpaka ncha. "Nesi! Birika!"

Na Nesi, Mungu ampe maisha marefu, hakuuliza. Alilibeba lile birika na kulimimina kwenye bakuli chini ya mkono wa msusi. Maji yalikuwa yanatokota. Msusi akaitumbukiza ncha, na vidole vyake pamoja nayo, kwa sababu angeiachia ingefumuliwa. Alishikilia. Alipiga kelele, lakini alishikilia.

Kuna kitu kingine kilichopiga kelele pamoja naye. Nesi alisikia. Fundi alisikia. Hawakubaliani kama ilikuwa sauti ya mwanamume au ya mwanamke.

Taa zikawaka. Drayer ikaanza kuvuma juu ya kiti kitupu. Kitinda aliangalia huku na huku, akauona mkono wa dada yake, mwekundu, ngozi inabambuka. Akaubeba kama mtoto anavyobeba kifaranga, akalia.

"Mbavu zipi, dada?" alikuwa anauliza. "Mbavu zipi?"

Msusi akamwonyesha ni zipi.

Baada ya pale mambo yalitulia, tena yakawa mazuri. Kitabu walikitia motoni nyuma ya saluni, na Nesi ndiye aliyekichochea kwa kijiti mpaka kikawa jivu. Kitinda hakutaka tena kusikia habari za yule binti. "Zuzu tu," alisema alipoulizwa, na dada yake aligeuka pembeni ili asionekane anavyofurahi. Fundi alihama benchi. Ukimtaka sasa utamkuta kwake, mlango amefunga, na ukibisha anauliza mara kadhaa ni nani kabla ya kukwambia ingia.

Mkono ulipona, ukaacha makovu yanayong'aa. Na ikafika siku misuko ya Kitinda ikachakaa, ikabidi ifumuliwe.

Ilikuwa mchana mweupe, jua kali, mlango wazi. Dada na mdogo walikuwa peke yao, wanapiga soga za kawaida. Msusi alifumua kichwa chote. Ule wa kisogoni aliuacha wa mwisho, bila kujiuliza kwa nini. Kisha akaikata ncha iliyoshikamana, akaanza kuuachanisha.

Fungu la kwanza lilikuwa la nywele za Kitinda.

La pili lilikuwa rasta nyeusi, ile iliyonasa vidoleni mwake siku ile.

La tatu lilikuwa jeupe kama majivu. Lilikuwa refu, laini, la baridi. Msusi aliliangalia muda mrefu. Msuko ni mafungu matatu, na siku ile yeye alikuwa na mawili tu. Mikono yake iliomba la tatu, ikapewa, ikaendelea na kazi.

Hakuwa amemfukuza Bwana wa Ukungu. Alikuwa amemfunga pale.

Alilivuta kidogo, aone kama litatoka.

"Nimekuumiza?" akauliza.

"Wapi? Sijahisi kitu," Kitinda akasema, anakula njugu.

Akalivuta tena, kwa nguvu zaidi. Kitinda aliendelea kutafuna. Lakini nyuma yao, kwenye kiti cha kona, mtu alivuta pumzi kupitia meno. Sss. Ile sauti ambayo kila msusi anaijua, ya mteja aliyevutwa nywele.

Kiti kilikuwa kitupu. Ngozi yake ilikuwa imebonyea.

Mikono yenye makovu ilitulia kidogo. Kisha ikayakusanya yale mafungu, yote matatu, ikaanza upya kutoka juu.

"Dada, si tunafumua? Mbona unasuka tena?"

"Tulia, mdogo wangu," msusi akasema. "Hebu nisogezee hilo birika la moto. Usigeuke nyuma. Huu wa kisogoni sitaufumua."