Kiapo cha Beberu

Ciarunji alikuwa uani akipeta ndengu aliposikia pikipiki. Mjukuu wake Kendi, mtoto wa miaka miwili, alikuwa akicheza na maganda karibu na ungo. Pikipiki ilisimama. Alikuwa Bundi, mpiga debe wa Mheshimiwa Kivuti.

"Mama Igoki, hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu kiti."

"Sikai. Nimetumwa tu. Uchaguzi umekaribia, na Mheshimiwa anawataka kwake Jumamosi. Akina mama wote waliokula kiapo."

"Kiapo kilikuwa cha uchaguzi ule mwingine, Bundi."

"Kiapo hakiozi, mama," Bundi alisema, akawasha pikipiki akaenda zake.

Ciarunji aliweka ungo chini. Watu bado walimwita Mama Igoki, ingawa binti yake Igoki alikuwa amelala kaburini nyuma ya ghala.

Mambo yalianza kabla ya uchaguzi uliopita. Kivuti alikuwa akitafuta kiti cha mwakilishi wa wadi. Aliwaita akina mama nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Kiritiri, akampa kila mmoja leso na pakiti ya unga. Wakashukuru. Kisha akaletwa beberu mweusi, akafungwa, akalazwa chini. Kila mama alipewa jiwe ampige beberu miguuni huku akisema, "Nisipompigia Kivuti kura, mifupa yangu na ya uzao wangu ivunjike hivi."

Kwa Wambeere, watu wa kwao Ciarunji, kiapo hicho si mchezo. Mtu aliona heri kuacha shamba ambalo ni haki yake kuliko kumpiga beberu. Ciarunji alisikia mfupa ukivunjika chini ya jiwe lake, na sauti hiyo haikumtoka masikioni tena.

Kivuti alishinda. Zahanati ya kijiji ilikuwa na kuta, mabati na kufuli kubwa. Ndani hamkuwa na nesi wala dawa. Aliahidi kuifungua, na kufuli likaota kutu. Mvua za masika zilipokuja, Igoki alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mto ulikuwa umefurika, pikipiki iliyombeba ikazunguka njia ndefu. Alijifungua kando ya barabara, akavuja damu, akakata roho kabla ya kufika hospitali. Mtoto alipona. Ndiye Kendi.

Mla mbuzi hulipa ng'ombe, waliosema hawakukosea. Ciarunji alipokea pakiti ya unga, akalipa kwa mtoto wake.

Jioni hiyo alikwenda kwa jirani yake, Mwalimu Gladwell. Alikuwa amestaafu, na sasa alikuwa akifundisha watu mambo ya kura. Ciarunji alimkuta akichambua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa.

"Mwalimu, nikuulize. Mtu akila kiapo cha kura, anaweza kujitoa?"

Gladwell aliacha mahindi. "Tuanze na sheria, Mama Igoki. Kumpa mtu unga ili akupigie kura ni kosa. Kupokea pia ni kosa. Kumtisha mtu kwa kiapo ni kosa kubwa."

"Na akijua sikumpigia?"

"Atajuaje? Unaingia kwenye kibanda peke yako. Karatasi yako haina jina lako. Unaweka alama, unaikunja, unaitumbukiza. Bundi hayuko, Kivuti hayuko, hata mimi sipo."

"Mungu yuko. Na yule beberu yuko." Ciarunji alimtazama Kendi mgongoni kwake. "Nimebaki na huyu tu, Mwalimu. Mifupa yake nimeiweka chini ya lile jiwe mwenyewe."

Gladwell hakumcheka. Yeye pia alikuwa wa kwao. Aliuliza, "Zamani beberu alipigwa wakati gani?"

"Watu wakigombana. Shamba, au mtu ameuawa. Wote wawili wanampiga, mbele ya wazee."

"Wote wawili. Sasa Kivuti yeye aliapa nini siku ile?"

Ciarunji alifikiri sana. "Hakuapa. Alikuwa amekaa kwa kiti. Alikuwa anakunywa soda."

"Basi hicho kilikuwa kiapo gani?"

Ciarunji alimkaza Kendi mgongoni. Aliuliza jambo lingine. "Na hiyo zahanati, kwani ni yake?"

"Si yake. Afya ni kazi ya serikali ya kaunti. Mwakilishi wa wadi anakaa kwenye bunge la kaunti kwa niaba yetu. Anapitisha bajeti, anauliza pesa zimeenda wapi. Hiyo ndiyo kazi tuliyomwajiri. Asipoifanya, tunaajiri mwingine."

Jumamosi akina mama walijaa kwa Kivuti. Beberu mwingine alikuwa amefungwa tayari. Ciarunji alipewa jiwe. Alitembea nalo mpaka kwenye kiti cha Kivuti, akamnyooshea.

"Mheshimiwa, mimi niliapa na nikakupa kura. Leo anza wewe. Mpige, useme zahanati isipofunguliwa mifupa yako ivunjike, na ya watoto wako."

Kivuti alicheka, akatazama huku na huku, akaona anacheka peke yake.

"Mama, mimi ni Mkristo. Siwezi kuapa na mbuzi."

"Sisi pia tunaenda kanisa," alisema mama mmoja kutoka nyuma.

Kivuti aliuficha mkono wake mfukoni. Ciarunji aliweka jiwe miguuni pake, akaondoka. Wachache walimfuata. Wengi walibaki, maana woga hautoki kwa siku moja, na unga ulikuwa bado haujagawanywa.

Wiki hiyo Kendi alishikwa na homa kali. Majirani walinong'ona kwamba beberu ameanza kazi yake. Ciarunji aliogopa mpaka akashindwa kula. Alitaka kurudi kwa Kivuti akapige magoti. Gladwell alimkataza.

"Twende hospitali kwanza. Woga hautibu homa."

Huko Kiritiri, daktari alimpima mtoto damu. "Ni malaria," alisema. "Mngechelewa tungempoteza. Kwenu hakuna zahanati?"

"Iko," Ciarunji alijibu. "Imefungwa."

Kendi alipewa dawa, akapona. Siku ya kura, Ciarunji alipanga foleni tangu asubuhi. Bundi alisimama mbali, ng'ambo ya barabara, akiwakodolea macho akina mama mmoja mmoja. Ndani ya kibanda Ciarunji alikuwa peke yake. Alisikia tena mfupa wa yule beberu ukivunjika. Akangoja sauti ipite, kisha akaweka alama alipotaka.

Kivuti alishindwa. Aliyechaguliwa hakuwa malaika, na Gladwell aliwaonya mapema kwamba kura bila kufuatilia ni kupanda bila kupalilia. Kwa hiyo kaunti ilipoita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, akina mama walikwenda. Ciarunji, ambaye hakuwahi kusema mbele ya watu kabla ya siku ile ya jiwe, alisimama akasema jinsi binti yake alivyokufa. Walirudi tena, na tena. Walichoka, wakazungushwa, wakaambiwa waje wiki ijayo. Mwishowe kufuli lilikatwa. Nesi akaja, na dawa zikaja.

Asubuhi moja Ciarunji alikuwa uani akipeta ndengu. Bundi alikuja kwa miguu. Alisimama langoni kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Mama Igoki. Mke wangu Karambu amejifungua. Hapo kwa zahanati."

"Karibu kiti."

Safari hii Bundi alikaa. Aliinamisha kichwa.

"Damu ilikuwa nyingi," alisema. "Nesi akaisimamisha."

"Na yeye ni mzima?"

"Mzima, mama. Wote wazima."

Ciarunji alitazama upande wa ghala, kwenye kaburi la Igoki, halafu akaurudia ungo wake. Alipeta huku machozi yakimtoka, na hakuyafuta.